Kidonge chekundu, hadithi za kesho mbaya na sheria za jana: nini kinafundishwa juu ya wanawake

Kwenye simu za vijana wa Kolwezi, Likasi, Bukavu au Goma kunapita kila siku video fupi za watu wanaojiita walimu wa uanaume. Maneno yao yanafanana. Mwanaume wa leo amenyang'anywa nafasi yake. Mwanamke asiyetii ndiye chanzo cha umaskini wake. Dawa ni kurudia mambo ya zamani, wakati bwana aliongea na bibi akanyamaza. Mafundisho haya yanakuja kwa Kiingereza, Kifaransa, Lingala na Kiswahili, na anayeyatazama mara moja ataletewa mengine kumi bila kuyaomba.

Waandishi wa vitabu wameshughulika na mafundisho ya namna hiyo kwa miaka mingi, kabla simu hazijafika. Wameandika hadithi za nchi za kuwaziwa ambamo mawazo hayo yamekuwa serikali. Makala hii inaeleza mafundisho yenyewe yalitoka wapi, hadithi hizo zinasema nini, na kwa nini mkaaji wa Lualaba anayezisoma anakuta ndani yake sheria ambazo mama yake aliishi chini yake.

Jina lilitoka kwenye filamu

Watu wengi wa mafundisho haya wanasema wamemeza "kidonge chekundu". Jina hilo linatoka kwenye filamu ya Marekani The Matrix ya mwaka 1999. Katika filamu ile, watu wanaishi ndani ya ndoto iliyotengenezwa na mashine, wakati miili yao inatumiwa kama betri. Kijana mmoja anapewa vidonge viwili achague. Cha buluu kitamwacha ndani ya ndoto, chekundu kitamuamsha aone ukweli.

Miaka zaidi ya kumi baadaye, makundi ya wanaume kwenye mtandao yalichukua kidonge hicho yakakipa maana yao: kuamka ni kuelewa kwamba wanawake ndio wanaotawala dunia kwa siri. Filamu haisemi hivyo hata kidogo. Waliyoitengeneza ni ndugu wawili wa familia ya Wachowski, ambao baadaye wote wawili walitangaza kwamba ni wanawake. Mmoja wao, Lilly Wachowski, alijibu hadharani kwa hasira mwaka 2020 alipoona watu mashuhuri wa Marekani wanatumia kidonge hicho kwa siasa zao.

Neno lingine la makundi hayo ni "incel", yaani mwanaume anayekosa mwenzi bila kupenda. Lilianzishwa na mwanamke wa Canada katika miaka ya 1990, aliyefungua ukurasa wa watu wapweke, wanaume na wanawake, wapate kufarijiana. Neno likahama mikono. Tarehe 23 Aprili 2018, huko Toronto, mwanaume mmoja aliingiza gari dogo la mizigo katikati ya watu waliokuwa wanatembea kwa miguu, akaua kumi siku ileile. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameandika kwenye Facebook akisifu "uasi" wa incel.

Wengi wa walimu hawa hawaui mtu. Wanauza. Andrew Tate, Mwingereza na Mmarekani aliyekuwa bondia wa ngumi na mateke, alipata mamilioni ya wafuasi kufikia mwaka 2022 kwa video fupi, na alikuwa na masomo ya mtandaoni ambayo vijana walilipia kila mwezi. Mwisho wa mwaka huo alikamatwa Romania juu ya mashtaka ya usafirishaji wa watu, mashtaka ambayo anayakana. Kenya nayo ina walimu wake wenye wafuasi wengi. Ni nchi hiyohiyo ambamo tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine juu ya wanawake waliouawa.

Namna ya kufundisha haibadiliki sana. Kwanza yanakuja mashauri mazuri: fanya mazoezi ya mwili, acha pombe, tafuta feza. Kijana anayasikiliza kwa sababu ni ya kweli na hakuna mwingine anayempa. Halafu anatajwa adui. Mwishoni kuna kitu cha kununua.

Hadithi ya nchi mbaya ni nini

Wataalamu wa vitabu wanatumia neno distopia kwa hadithi ya nchi ya kuwaziwa ambamo mambo yameharibika kwa mpango. Njaa au vita peke yake havitoshi. Lazima kuwe na amri, na watu waliozoea amri hiyo mpaka hawaioni tena.

Waswahili wana hadithi ya jamaa hiyo. Shaaban Robert wa Tanga alitoa Kusadikika mwaka 1951, wakati wa ukoloni. Ni nchi iliyo hewani, na wakubwa wake wanatawala wanavyotaka. Karama anashtakiwa barazani, na kosa lake ni kutaka kuanzisha mafundisho ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo mema, na kila mmoja aliporudi akatupwa gerezani. Shaaban Robert hakuwa anaandika juu ya wanawake. Lakini alionyesha mapema kitu ambacho vitabu vyote vitakavyotajwa hapa vinarudia: utawala mbaya unaogopa sana mtu anayefundisha wengine sheria inasema nini.

Siku kadi ya benki ilipokufa

Kitabu kinachotajwa zaidi juu ya chuki kwa wanawake ni The Handmaid's Tale cha Margaret Atwood wa Canada, kilichotoka mwaka 1985 na kuwa filamu ya televisheni kuanzia 2017. Kinasimulia Marekani iliyogeuka kuwa nchi iitwayo Gilead. Wanawake wamepangwa kwa kazi na kwa rangi za nguo. Wale wanaoweza kuzaa wanapewa wakubwa wawazalie, na hata jina lao linakuwa jina la bwana mwenye nyumba.

Wasomaji wengi wanakumbuka zaidi nguo nyekundu. Kurasa zinazogusa zaidi mambo ya kawaida ni zile zinazoeleza namna yote ilivyoanza. Mwanamke anayesimulia anakwenda kununua kitu dukani, kadi yake inakataa. Siku ileile anafukuzwa kazini pamoja na wanawake wenzake wote. Feza yake haikupotea, imehamishiwa kwa bwana wake, kwa sababu mwanamke hana tena ruhusa ya kumiliki. Bwana yule ni mtu mzuri, anampenda, anamwambia atamtunza. Linalomuumiza mwanamke ni kuona kwamba jambo hilo halimsumbui bwana wake sana.

Atwood amesema mara nyingi kwamba hakutia ndani ya kitabu kitu chochote ambacho watu hawajakwisha kufanya mahali fulani duniani. Mfano unaojulikana ni Romania, ambapo amri namba 770 ya mwaka 1966 ilikataza kutoa mimba na kuminya njia za kupanga uzazi ili wanawake wazae kwa ajili ya taifa. Gilead ina jambo lingine ambalo msomaji wa kwetu atalitambua upesi: wanaosimamia wasichana, kuwafundisha na kuwachapa, ni wanawake wenzao, wanaoitwa mashangazi. Kitabu kilichofuata, The Testaments cha mwaka 2019, kinampa nafasi kubwa mmoja wa mashangazi hao.

Mwaka 2016 Naomi Alderman wa Uingereza aligeuza mambo. Katika The Power, wasichana wanaanza kutoa umeme mikononi, na kwa mara ya kwanza wanaume ndio wanaogopa kutembea usiku. Humo mna mwandishi wa mtandaoni anayejiita UrbanDox, anayekusanya wanaume wenye hasira kwa maneno yaleyale ya walimu wa leo. Lakini Alderman hawapambi wanawake wake. Wanapopata nguvu bila mtu wa kuwazuia, baadhi yao wanafanya ukatili uleule.

Kitabu kilichotoka kwenye ardhi ya shaba

Ukanda wa shaba nao umezaa hadithi yake. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na anaishi Graz, Austria. Riwaya yake Tram 83, iliyotoka Paris mwaka 2014, inahusu mji usio na jina halisi, uliojitenga na nchi yake, ambamo kila mtu anafuata mawe: wachimbaji, wanafunzi wanaogoma, wageni wenye feza, na jenerali mwasi anayefungua na kufunga migodi anavyotaka. Usiku wote wanakutana katika baa moja. Mwaka 2016 tafsiri yake ya Kiingereza iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Man Booker International.

Katika riwaya hiyo wanaume wana majina na safari zao. Wanawake wengi wanaitwa kwa majina ya makundi, na wasichana wadogo kabisa wanaitwa kama vifaranga. Baadhi ya wakosoaji wa Afrika walikasirika, wakasema kitabu kinawadharau wanawake na kuwauzia wageni picha mbaya ya Afrika. Wengine wakajibu kwamba mwandishi anaonyesha mji kama anavyousikia, mji ambamo mtu na mawe vinapimwa kwa mzani mmoja. Mabishano hayo yana maana kwa msomaji wa Kolwezi, kwa sababu yanaacha ulizo moja: kuonyesha dharau bila kumpa anayedharauliwa sauti yake ni kupigana nayo, ao ni kuirudilia?

Gilead ilikuwa ndani ya kitabu cha sheria

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotungwa wakati wa Zaire, ilisema katika kifungu cha 444 kwamba bwana ni kichwa cha nyumba, kwamba anapaswa kumlinda bibi yake, na bibi anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria ambalo yeye mwenyewe atapaswa kulitimiza. Kwa maneno ya kawaida: mkataba wa kazi, mkopo, karatasi ya benki, vyote vingeweza kusimama mpaka bwana akubali. Msichana aliweza kuolewa kisheria akiwa na miaka 15, wakati mvulana alingoja 18.

Kadi iliyokufa katika hadithi ya Atwood ya mwaka 1985 ilikuwa, miaka miwili baadaye, kifungu cha sheria katika nchi hii. Hakikuletwa na mapinduzi wala askari. Kilipigiwa kura na kuchapishwa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa Wabelgiji, Union Minière iliamua katika miaka ya 1920 kuweka wafanyakazi wake kwenye makambi pamoja na bibi na watoto. Posho ya familia ilifuata mkataba wa bwana. Mwanamke alihesabiwa kambini kama bibi wa mfanyakazi fulani, na alifundishwa kushona na kupika kwenye nyumba za akina mama. Mwanamke asiye na bwana alikuwa tatizo la ofisi. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji na ya Ruanda-Urundi kulitozwa kodi juu ya wanawake ambao karatasi za serikali ziliwaita wanaoishi peke yao "kinadharia". Huko Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, wanawake Waislamu wa mitaa ya Waswahili, wajane na walioachika, waliikataa kodi hiyo waziwazi katika miaka ya 1950, kwa sababu iliwaweka wote katika kundi la malaya.

Historia hii inasahihisha kitu kimoja kinachopendwa na walimu wa mtandaoni. Wanasema mwanaume anayelisha nyumba peke yake, na bibi anayengoja mkono wake, ni desturi ya mababu. Kwenye ukanda wa shaba, sura hiyo ya nyumba ilijengwa kwa sehemu kubwa na kampuni, kwa faida ya kampuni. Walunda, ambao makao ya Mwant Yav yao yako Musumba katika Lualaba hiihii, wanasimulia habari za Ruwej, binti aliyepewa na baba yake bangili ya utawala, lukano, mbele ya kaka zake. Yeye ndiye aliyeipitisha kwa bwana wake, mwindaji Chibinda Ilunga. Mababu walikuwa na mambo mengi zaidi ya video ya dakika moja.

"Mwanamuke akiingia mu shimo, mawe inakimbia"

Kwenye machimbo ya mikono, amri haijaandikwa popote. Inasemwa tu: mwanamke akikaribia shimo, hasa akiwa katika siku zake, madini yanatoroka ao shimo linaanguka. Imani hiyo inajulikana Katanga, Kivu na mbali zaidi. Baadhi ya akina mama wenyewe wanaiamini.

Matokeo yake yanaonekana kwenye feza. Anayechimba anagawana bei ya mfuko na wenzake wa shimo. Anayepekua, anayetwanga, anayeosha mawe mtoni akiwa ndani ya maji mpaka magoti, mara nyingi analipwa kwa mfuko ao kwa siku, bei anayopanga mwenye mawe. Mawe yakifika depo na mashine wanayoita Metorex ikaonyesha kiasi kizuri cha kobalti, faida haimrudii aliyeosha. Hata akiwa na feza ya kugharamia shimo, anatafuta mwanaume wa kusimama mbele kwa jina lake.

Kuna amri nyingine inayofanana nayo kwa nje lakini si ndugu yake. Kanuni za machimbo zinakataza mwanamke mwenye mimba kufanya kazi humo, sababu ya vumbi, mizigo na hatari kwa mtoto. Amri hiyo inataja sababu inayoweza kupimwa, na inaisha mimba inapoisha. Imani ya mawe kukimbia haina kipimo wala mwisho. Na wakati huohuo, kwenye makampuni makubwa ya ukanda huu, wanawake wanaendesha malori makubwa ya kubeba mawe na wanapima udongo kwenye maabara. Shaba haijakimbia. Lualaba yenyewe inaongozwa na mwanamke, Fifi Masuka Saini, tangu 2021, kwanza kwa muda na halafu kwa kuchaguliwa mwaka 2024.

Hapa hadithi za distopia zinasaidia kuona. Gilead haisimami kwa sababu kila mwanaume anachukia wanawake. Bwana wa yule msimulizi hamchukii. Inasimama kwa amri ndogondogo ambazo hakuna anayeuliza sababu yake, na kwa watu wema ambao amri hizo zinawafaa kidogo.

Uchungu ni wa kweli

Ingekuwa rahisi kusema vijana wanaosikiliza video hizi ni wajinga. Walimu wa uanaume wanagusa kidonda kilichopo. Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na kufikia katikati ya miaka hiyo uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Papa aliyekuwa na posho, shule na hospitali ya kampuni alirudi nyumbani mikono mitupu. Katika nyumba nyingi ni mama aliyelisha watoto, kwa shamba, makala, ao meza ya samaki sokoni.

Kijana aliyekulia katika nyumba hiyo aliona baba yake akiaibika, naye leo anaingia shimoni bila kofia ngumu, akijua kwamba udongo unaweza kumfunika. Anadaiwa mahari asiyoweza kulipa. Video inamwambia kosa ni la mwanamke. Haimtajii bei ya kobalti inayopangwa London, wala mkopo, wala usimamizi uliomaliza Gécamines. Hasira yake inapewa mtu wa karibu, na mtu huyo mara nyingi ni yule aliyempikia asubuhi.

Sheria inasema nini leo

Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha ile ya 1987. Kifungu cha 444 bado kinamwita bwana kichwa cha nyumba, lakini neno la kutii limeondolewa: bwana na bibi wanalindana. Kifungu cha 448 sasa kinataka wote wawili wapatane kwa matendo ya kisheria yanayowafunga. Umri wa ndoa ni miaka 18 kwa msichana na kwa mvulana. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 zinataka usawa wa wanawake na wanaume katika vyeo na kazi. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu anayesumbua na kutisha mtu kwa ujumbe wa mtandao, kwa hiyo matusi na vitisho kwenye WhatsApp ao Facebook vinaweza kupelekwa mbele ya sheria.

Ofisi inayomuomba mama karatasi ya ruhusa ya bwana wake, bila kumuomba papa aliye mbele yake kwenye foleni karatasi ya bibi yake, inafuata maneno ya 1987. Mama anaweza kuomba aonyeshwe kifungu. Kinachotumika ni cha 448, cha mwaka 2016.